Kwa nini lori lenye shehena hukataa kusimama: Sayansi ya miteremko ya Embu na Meru

Barabara itokayo Embu kwenda Meru haina tambarare ya kujivunia. Ikishaupa kisogo mji wa Embu hupitia Runyenjes, ikavuka mto Thuci, ikaingia Chuka na Chogoria, kisha ikafika Nkubu na hatimaye mji wa Meru. Katika safari hiyo yote hukatiza mabonde yaliyochimbwa na mito inayoporomoka kutoka Mlima Kenya kuelekea mto Tana. Kila mto una bonde lake, na kila bonde lina mteremko wa kuingilia na mwinuko wa kutokea.

Bonde linalotajwa zaidi ni la mto Nithi, katika kaunti ya Tharaka-Nithi iliyo baina ya Embu na Meru. Jioni ya Jumapili, Julai 24, 2022, basi lililokuwa likitoka Meru kwenda Mombasa liliacha barabara kwenye daraja la mto huo na kutumbukia bondeni, kina cha takriban mita 40. Zaidi ya watu 30 walifariki. Maafisa wa serikali walieleza baadaye kwamba huenda breki za basi hilo zilikuwa zimeshindwa kufanya kazi. Haikuwa mara ya kwanza daraja hilo kuwapokea watu kwa namna hiyo. Jina la Nithi lilikuwa limekwisha kuingia katika orodha ya sehemu hatari za barabara za Kenya miaka mingi kabla ya hapo.

Baada ya ajali za aina hii, maelezo yanayosikika aghalabu huwa mawili. La kwanza ni kwamba gari lilikuwa na kasi kupita kiasi. La pili, ambalo hutolewa zaidi gari linapokuwa lori, ni kwamba gari lilivutwa na mzigo, yaani shehena ndiyo iliyolisukuma kuteremka kwa kasi ambayo gari tupu lisingeifikia. Maelezo ya kwanza ni ya kweli mara nyingi. Hayo ya pili yana ukweli ndani yake, lakini ukweli wenyewe hauko pale wanapoudhania wengi, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua iwapo dereva atajua la kufanya kabla hajaanza kuteremka.

Jambo hili lilipata maelezo yake mwaka wa 1687, Mwingereza Isaac Newton alipochapisha kwa Kilatini kitabu chake kuhusu kanuni za mwendo. Kanuni ya pili katika kitabu hicho ndiyo ambayo mwanafunzi wa kidato cha tatu nchini Kenya amekuwa akifundishwa katika somo la fizikia, akivuta kigari kidogo juu ya meza huku mashine ikipiga vitone 50 kila sekunde kwenye utepe wa karatasi. Vitone vikikaribiana, kigari kinakwenda polepole. Vikizidi kuachana, kigari kinaongeza kasi. Wengi huutupa utepe huo siku mtihani unapokwisha, na hilo ni jambo la kusikitisha, kwa kuwa kilichoandikwa juu yake ndicho kinachotokea kila siku kwenye bonde la Nithi.

Kanuni yenyewe ina mambo matatu. Kuna kani, yaani nguvu inayokisukuma au kukivuta kitu. Kuna tungamo, yaani kiasi cha maada kilichomo ndani ya kitu hicho, ambacho hupimwa kwa kilo. Tena kuna mchapuko, yaani kiwango ambacho kasi ya kitu hubadilika katika kila sekunde inayopita. Newton alisema kwamba mchapuko huongezeka kadiri kani inavyoongezeka, na hupungua kadiri tungamo linavyoongezeka. Kwa hesabu, mchapuko ni kani ikigawanywa kwa tungamo. Ikumbukwe kwamba kasi inayopungua nayo ni kasi inayobadilika. Dereva anayekanyaga breki anatafuta mchapuko sawa na yule anayekanyaga mafuta, ila wake unaelekea nyuma.

Mfano mwepesi unapatikana katika soko la Gakoromone mjini Meru, au katika soko lolote lenye mikokoteni. Tuchukue mkokoteni wenye tungamo la kilo 100, na hamali anayeusukuma kwa kani ya newtoni 300 baada ya kuondoa msuguano wa magurudumu. Mkokoteni ukiwa mtupu, 300 kwa 100 ni 3, maana yake kasi yake huongezeka kwa mita 3 kwa sekunde katika kila sekunde moja. Hatua mbili tatu tu na hamali anakimbia. Sasa apakiwe mifuko 10 ya viazi ya kilo 50 kila mmoja, kama zinavyotaka kanuni za zao hilo za mwaka wa 2019. Tungamo limekuwa kilo 600. Hamali ni yule yule na jasho lake ni lile lile, lakini 300 kwa 600 ni nusu. Mkokoteni unaanza kwenda kama unaobembelezwa. Na mifuko hiyo ikiwa ya lumbesa, ile iliyoshonewa kilemba juu ili ibebe kuliko inavyostahili, hamali atajua bila kuambiwa na mizani.

Kuna jambo lingine ambalo hamali hulijua kuliko watu wengi. Mkokoteni mzito ukishashika kasi, kuusimamisha ni kazi ile ile ya kuuanzisha, tena huwa ya hatari zaidi kwa kuwa yeye yuko mbele yake. Tungamo halina upendeleo. Linakataa kuanza na linakataa kuacha. Kwa sababu hiyo si sahihi kulichukulia tungamo kuwa uzito tu. Uzito ni kani ambayo dunia hukivuta kitu kuelekea chini. Tungamo ni ule ukaidi wa kitu wenyewe, na ungekuwepo hata kama mkokoteni ungepelekwa mahali pasipo na mvutano wowote. Lugha ya kila siku hulitumia neno moja kwa mambo haya mawili, na sokoni hakuna madhara yoyote. Madhara huanza barabarani.

Tutazame kwanza mwinuko, kwa sababu huko ndiko makosa ya hesabu huanza kuzaa ajali. Tuseme barabara inapanda mita 8 kwa kila mita 100 za safari, kiwango kinachotumika hapa kwa mfano tu. Katika mwinuko kama huo, sehemu ya uzito wa gari hulivuta nyuma kwa kani inayokaribia newtoni 800 kwa kila tani. Lori la tani 10 linavutwa nyuma kwa newtoni 8,000. Likipakiwa hadi tani 20 linavutwa kwa newtoni 16,000. Ikiwa injini katika gia nzito inaweza kutoa newtoni 26,000, lori jepesi linabakiwa na 18,000 za kuchapuka nazo, na kila sekunde linaongeza mita 1.8 kwa sekunde. Lile zito linabakiwa na newtoni 10,000 tu, nazo zigawiwe tani 20. Linapata nusu mita. Hii ndiyo sababu msafara wa magari hujipanga nyuma ya lori moja linalotoka bondeni likitoa moshi mweusi, na dereva wa matatu aliye nyuma yake akaanza kuchungulia upande wa kulia.

Dereva huyo naye ana hesabu yake, na mara nyingi haijui. Asubuhi, akiwa na abiria mmoja au wawili, gari lake lina tungamo la kilo 1,800, na akilikanyaga sawasawa kwenye barabara tambarare linaongeza mita 2 kwa sekunde kila sekunde. Kutoka kilomita 40 kwa saa hadi 80 anatumia sekunde 5.6 na anakula mita 93 za barabara. Macho yake yanazoea nafasi hiyo. Jioni, abiria wakiwa wamejaa na magunia yamefungwa juu ya paa, gari limefika kilo 3,000. Injini ni ile ile, mguu ni ule ule, lakini mchapuko umeshuka hadi 1.2. Sasa anahitaji sekunde 9.3 na mita 154. Amepitisha sekunde 3.7 zaidi katika upande usio wake, na katika sekunde hizo gari linalokuja mbele yake kwa kilomita 80 kwa saa limesogea mita 82. Akiulizwa atasema kwamba nafasi aliiona. Ni kweli aliiona. Ni nafasi ya gari tupu.

Wanaosafirisha miraa wamelielewa jambo hili kwa njia yao. Miraa inayochumwa katika milima ya Nyambene hupoteza nguvu na thamani yake ndani ya siku mbili hivi, kwa hivyo tangu zamani magari yanayoitoa Maua na viunga vyake kwenda Nairobi, ambako shehena ya Somalia hupakiwa ndegeni katika uwanja wa Wilson, yamekuwa yakishindana na saa. Pikapu zenye injini kubwa na mwili mdogo ndizo zilizopendwa, na chaguo hilo ni la kifizikia hata kama hakuna aliyelifikia kwa kalamu: kani nyingi, tungamo dogo, mchapuko mkubwa. Soko la Uingereza lilipofungwa mwezi Juni 2014, baada ya Serikali ya nchi hiyo kuipiga miraa marufuku, mbio hizo hazikuisha, kwa kuwa soko la Mogadishu nalo halipokei majani yaliyonyauka. Hata hivyo, pikapu iliyopakiwa miraa hadi ikainama nyuma si tena ile pikapu nyepesi inayosifiwa kwa wepesi wake. Ni gari jingine lenye rangi ile ile.

Hadi hapa tungamo limeonekana kuwa mzigo kwa injini. Likianza kuteremka, ndipo maelezo ya "kuvutwa na mzigo" yanapotakiwa kupimwa.

Katika mteremko ule ule wa mita 8 kwa 100, lori la tani 10 linavutwa chini kwa newtoni 8,000. Ukizigawa kwa kilo 10,000, unapata mchapuko wa 0.8. Lori la tani 20 linavutwa kwa newtoni 16,000. Ukizigawa kwa kilo 20,000, unapata 0.8 vile vile. Malori yote mawili, yakiachiliwa bila breki wala gia, yangeteremka bega kwa bega. Mtaliano Galileo alikwisha kuliona hili kwa kuviringisha mipira kwenye ubao ulioinama, miongo mingi kabla ya kitabu cha Newton. Dunia hukivuta kitu kizito kwa nguvu zaidi, lakini kitu kizito nacho ni kikaidi zaidi kwa kiasi kile kile, na mambo hayo mawili hufutana. Kwa hivyo mzigo haulifanyi gari liporomoke kwa kasi zaidi. Mvutano wa dunia haujali ni tani ngapi zilizopakiwa.

Breki ndizo zinazojali.

Breki za lori hutoa kani yenye kikomo. Kikomo hicho kiliwekwa na ukubwa wa ngoma za magurudumu, upana wa viatu vya breki na shinikizo la hewa kwenye mabomba, wala hakiongezeki kwa sababu tajiri ameongeza mchanga au mbao. Tuseme breki za lori letu zikiwa nzima hutoa newtoni 50,000. Likiwa na tani 10, mteremko unakula newtoni 8,000 kati ya hizo na kubakisha 42,000. Zikigawanywa kwa kilo 10,000, kasi inapungua kwa mita 4.2 kwa sekunde kila sekunde. Likiwa na tani 20, mteremko unakula 16,000, zinabaki 34,000, nazo zinagawanywa kwa kilo 20,000. Jawabu ni 1.7.

Kwa mtu aliye nyuma ya usukani, tofauti hiyo inaonekana kwa mita. Akiwa kwenye kilomita 60 kwa saa, lori la kwanza husimama mita 33 baada ya breki kushika. La pili linahitaji mita 82. Shehena haikuongeza umbali maradufu, kama ambavyo mtu angekisia, bali karibu mara mbili na nusu, kwa sababu imefanya kazi mbili kwa wakati mmoja: imepunguza kani iliyobaki kwa ajili ya kusimamisha, na imeongeza tungamo la kusimamishwa. Katika kona inayofichwa na ukingo wa bonde, mita 49 za ziada ndizo nafasi nzima kati ya kuona hatari na kuifikia. Na umbali huo haujajumlisha muda ambao dereva anashtuka na kuutoa mguu mahali pamoja kuupeleka pengine. Sekunde moja ya mshtuko katika kasi hiyo ni takriban mita 17, hata dereva awe mwepesi namna gani.

Mtu mdadisi anaweza kuuliza: je, gari zito halishiki lami vizuri zaidi? Linashika, naam. Msuguano kati ya gurudumu na lami huongezeka kadiri uzito unavyoongezeka, na lau hilo ndilo lingekuwa jambo pekee, gari zito na gari jepesi yangesimama katika umbali mmoja. Lakini hoja hiyo inadhania kwamba breki zina nguvu za kutosha kuyazuia magurudumu yasizunguke. Kwa gari dogo la kibinafsi ni kweli; breki zake zinaweza kuyafunga magurudumu hata familia nzima ikiwa ndani, na hapo kinachoamua ni lami na hali ya tairi. Kwa lori lililopakiwa kupita kiasi, breki hufika mwisho wa uwezo wake kabla lami haijafika mwisho wa wake. Misimu ya mvua, wakati lami inapolowa na kuteleza, huwaadhibu wote wawili, mwenye gari dogo na mwenye lori.

Kisha kuna joto. Breki huipunguza kasi kwa kusugua, na kinachosuguliwa hupata moto. Lori la tani 20 likiteremka bonde lenye kina cha mita 100 bila kuongeza kasi, breki zake pekee zikifanya kazi yote, joto linalozalishwa lingetosha kuchemsha takriban lita 58 za maji kutoka nyuzi 20. Hayo ni karibu mitungi mitatu ya lita 20. Joto hilo halina pa kwenda kwa haraka ila ndani ya ngoma na viatu vya breki, ambavyo vikishapata moto sana hupoteza msuguano. Dereva anakanyaga, kikanyagio kinashuka, lakini zile newtoni 50,000 zimekuwa 30,000, kisha 20,000. Zikifika 16,000 katika mfano wetu, lori halipungui kasi tena hata chembe, na zikishuka chini ya hapo linaanza kuongeza. Harufu ya kuungua inayosikika nyuma ya malori kwenye miteremko mirefu ni dalili kwamba hesabu hiyo imeanza. Lori la tani 10 katika hali ile ile lingehitaji newtoni 8,000 tu ili kuizuia kasi isipande, na breki zake zingekuwa zimepata nusu ya joto. Hapa ndipo ulipo ukweli wa wanaosema gari lilivutwa na mzigo. Mzigo haukulivuta. Ulizichosha breki, na breki zilipochoka mteremko ukafanya kazi yake ya kawaida.

Madereva wakongwe walikuwa na kanuni yao ambayo ni nzuri kuliko maelezo mengi ya darasani, kwamba gari literemke kwa gia ile ambayo lingepandia. Gia nzito huilazimisha injini izunguke kwa kasi huku ikiwa hainyweshwi mafuta, na injini inayozungushwa kwa nguvu na magurudumu huwa breki yenyewe, tena breki isiyochoka, kwa kuwa joto lake hubebwa na maji ya rejeta na moshi. Kinyume chake ni ile tabia ya kuweka gia huru ili kuokoa mafuta. Dereva anayefanya hivyo kwenye mteremko mrefu ameiacha kazi yote juu ya viatu vya breki, kwa bei ya vikombe vichache vya dizeli. Tatizo ni kwamba gia hiyo nzito huchaguliwa juu, kabla ya kuanza kushuka. Breki zikishashindwa na gari likashika kasi, kuingiza gia ndogo huwa karibu muhali, na wengi waliojaribu hujikuta na gia huru mikononi.

Sheria nazo zimejaribu. Kanuni zilizokuja kuitwa za Michuki, kwa jina la Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo John Michuki, zilianza kutekelezwa Februari 2004, zikayataka magari ya uchukuzi wa umma yawe na vidhibiti mwendo visivyoruhusu zaidi ya kilomita 80 kwa saa na mikanda ya usalama kwa kila abiria. Kidhibiti mwendo ni kifaa chema, lakini kina mpaka ambao abiria hawaelezwi. Huizuia injini isipewe mafuta zaidi gari linapofika kiwango kilichowekwa. Kwenye mteremko, anayelisukuma gari si injini. Basi lililo kwenye kilomita 60 kwa saa katika mteremko wa mfano wetu, bila breki wala gia, lingepita kilomita 85 baada ya sekunde 10 hivi, ukiuacha kando upinzani wa upepo, na kidhibiti mwendo kingekuwa mtazamaji tu. Ndiyo maana basi lenye kidhibiti kizima linaweza kufika kwenye daraja la bondeni kwa kasi ambayo halingeruhusiwa kuifikia kwenye tambarare ya Mwea.

Kuhusu mizigo, Sheria ya Udhibiti wa Mizigo ya Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaweka tani 56 kuwa kikomo cha lori lenye ekseli 7, na viwango vidogo zaidi kwa malori yenye ekseli chache. Shabaha kuu ya sheria hiyo ni kuilinda lami isipasuke, na ndivyo inavyozungumziwa kwenye vituo vya mizani. Ingefaa izungumziwe pia kwa lugha ya breki. Mwenye lori anayeambiwa kwamba tani zake za ziada zinaharibu barabara ya serikali anaweza kulipuuza jambo hilo. Anayeambiwa kwamba zinaongeza makumi ya mita kwenye umbali wa kusimama hana budi kufikiria ni nani aliyemwajiri kuliendesha.

Mikanda ya usalama, ambayo kanuni za 2004 ziliileta pamoja na vidhibiti mwendo, inafuata hesabu hiyo hiyo, ila tungamo sasa ni mwili wa mtu. Gari likisimama ghafla, abiria husimama kwa sababu kuna kitu kilichomsimamisha. Kama si mkanda, ni kiti cha mbele au kioo. Gari lililokuwa kwenye kilomita 80 kwa saa likigonga na kusimama katika muda wa sehemu moja ya kumi ya sekunde, mchapuko wake wa kurudi nyuma ni mita 222 kwa sekunde kila sekunde. Abiria wa kilo 70 aliyefungwa mkanda na kusimama pamoja na gari anahitaji kani inayokaribia newtoni 15,600, sawa na kulaliwa na mifuko zaidi ya 31 ya viazi. Ni kani kubwa, lakini mkanda huisambaza kwenye kifua na nyonga, na kuna wanaopona. Asiyejifunga huendelea kwenda mbele kwa kasi ile ile hadi akutane na kitu kigumu, na hapo husimama katika muda mfupi zaidi, pengine sehemu moja ya kumi ya ule wa kwanza. Muda ukigawanywa kwa 10, kani huzidishwa kwa 10.

Wanaosahauliwa zaidi katika hesabu hii ni watoto wanaopakatwa. Katika matatu za Embu na Meru, kama kwingineko nchini, mtoto mdogo halipiwi nauli wala hapewi kiti. Hukaa mapajani mwa mama, na mama huamini mikono yake. Mtoto wa kilo 10, katika ajali hiyo hiyo, anahitaji kani ya newtoni 2,200 ili asimame pamoja na gari. Ni sawa na kuombwa kushikilia kilo 227 kwa ghafla, bila kuonywa. Hakuna mikono ya mzazi inayoweza. Kumfunga mama na mtoto kwa mkanda mmoja si suluhisho, kwa kuwa hapo tungamo la mama ndilo linalomkandamiza mtoto.

Baada ya ajali ya Julai 2022, wito wa kuisanifu upya barabara ya bonde la Nithi ulitolewa tena. Unaweza kupimwa kwa hesabu ile ile. Lori letu la tani 20, breki zake zikiwa nzima, lilihitaji mita 82 kusimama kwenye mteremko wa mita 8 kwa 100. Barabara ikilegezwa hadi mita 4 kwa 100, mteremko utakula newtoni 8,000 badala ya 16,000, mchapuko wa breki utapanda kutoka 1.7 hadi 2.1, na lori litasimama ndani ya mita 66. Kubwa zaidi ni hili: breki zilizopata moto, ambazo leo zinashindwa kuizuia kasi zikifika newtoni 16,000, zitaendelea kuizuia mpaka zishuke chini ya 8,000. Bonde lenyewe halitapungua kina kwa hilo, na joto la kushuka mita 100 litabaki lile lile, ila litaenea katika barabara ndefu zaidi na breki zitapata muda wa kupoa. Hadi siku hiyo, kinachoweza kubadilishwa ni shehena inayopakiwa asubuhi, na gia inayochaguliwa kabla ya kibao cha mteremko.